Vipimo vya Diski ya Dada

Baadaye, alipokuwa tayari kujihukumu, mhadhiri mstaafu alikiri kwamba aliambiwa mara tatu, na mara zote tatu hakusikia. Dada yake mkubwa, fundi aliyewashonea nusu ya wanawake wa mtaa wake, alimwambia kwa simu kwamba cherehani ameipumzisha. Mara ya pili alisema ameigawa. Mara ya tatu alisema kwamba siku hizi hata chumvi na sukari huzitofautisha kwa ulimi. Mhadhiri akacheka, akaona ni mzaha wa uzee, akarudi kwenye mazungumzo aliyoyataka yeye, yaani mazungumzo ya diski.

Diski yenyewe ilikuwa ombi la dada. Walizaliwa wanne, wakabaki wawili, na mahali pekee ambapo mama yao bado alitembea na kusema palikuwa ndani ya mkanda mmoja wa video. Mhadhiri aliupiga mkanda huo Jumapili moja, kwa kamera aliyoazima idarani, mwaka mmoja kabla mama hajafariki. Ulikuwa umekaa sandukuni zaidi ya miaka ishirini.

"Nitolee mama humo," dada alisema. "Nataka nikae naye hapa ndani kabla na mimi sijaitwa. Ila nitilie kwenye diski, Profesa. Hayo mambo yako ya mtandaoni usiniletee. Diski naisukuma kwenye deki, basi."

Profesa lilikuwa jina la utani tangu utotoni, tangu siku alipoisahihisha barua ya baba yao kwa kalamu nyekundu. Uprofesa wenyewe hakuupata. Alistaafu akiwa mhadhiri wa takwimu, mgane asiye na mtoto, katika nyumba ya vyumba vitatu ambamo alitumia kimoja na nusu. Simu yake ililia mara mbili kwa wiki, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kampuni ya simu ikimpongeza kwa kuwa mteja wake.

Kazi ile, basi, ilimwingia kama mvua kwenye ardhi kavu. Aliuhamishia mkanda kwenye kompyuta na kuukuta una dakika tisini na tano. Kisha, kwenye programu ya kurekodia diski, akafungua ukurasa wa kuchagua vipimo vya picha na sauti, na hapo ndipo miezi mitatu ilipokwenda. Diski ni sanduku la safari lisilotanuka: ukiipa picha nafasi kubwa, utabana dakika au utabana sauti. Dakika hakutaka kupunguza hata moja. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya chai, alibadilisha kipimo kimoja, akachoma diski ya majaribio, akaketi mbele ya runinga na kukitazama kilemba cha mama. Kilikuwa kilemba cha buluu chenye vidoti vyeupe. Katika vipimo vya chini vidoti viliyeyuka vikawa ukungu. Alipopandisha, vilianza kuachana. Diski ya tisa ilimwezesha kuvihesabu vile vya upande wa kushoto. Vilikuwa thelathini na kimoja, naye akavitamka kwa sauti, katika nyumba isiyokuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekosea.

Nafasi aliyoipa picha aliitoa kwenye sauti. Haikumuuma. Sauti ya mkanda ilikuwa na mvumo, upepo wa dirishani ukichanganyika na mngurumo wa kamera yenyewe, na kwenye programu kulikuwa na kitufe cha kusafisha kelele. Alikibonyeza mara mbili. Mvumo ukatoweka, na ili ukimya usitishe akatandika chini ya picha muziki wa kinanda usio na maneno.

"Dada, nikiitengea picha megabiti sita kila sekunde, vidoti vya kilemba cha mama vinahesabika," alimwambia kwa simu.

"Vihesabu basi. Wewe si ndiye wa hesabu?"

"Runinga yako ni ya inchi ngapi?"

"Ninyi wasomi! Mtu akiwaomba maji, mnampimia kina cha kisima."

"Ni muhimu, Dada."

"Ni kubwa. Nikiipapasa, mikono haifiki ukingoni."

Mhadhiri akaandika kwenye daftari: inchi hamsini, takriban.

Diski aliipeleka mwenyewe, safari ya nusu siku kwa basi, akiwa ameifunga ndani ya bahasha mbili na kuipakata mapajani. Hakuwa amefika kwa dada yake kwa miaka minne. Mlango ulifunguliwa na mpwa wake, muuguzi, aliyekuwa tayari na sare akienda zamu.

"Mjomba! Leo jua limetoka upande gani?"

"Upande wa kaskazini, nadhani. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo. Mama yuko ndani, tangu alfajiri ameoga anakusubiri. Chai ipo kwenye chupa. Mimina wewe, usimwachie yeye." Akaenda zake, na mhadhiri hakujiuliza kwa nini.

Dada alikuwa kwenye kochi. Alimwita kwa mikono yote miwili, akamshika uso, akamgusa paji, mashavu na kidevu, polepole. "Umekonda, mdogo wangu," akasema. "Na umeanza kufuga ndevu bila ruhusa." Mhadhiri aliuona huo kuwa upendo tu.

Akaisukuma diski kwenye deki, akaketi kwenye kiti cha pembeni, kalamu mkononi, tayari kuandika dosari. Picha ilitoka safi kuliko alivyotumaini. Kinanda kikaanza. Mama aliingia kutoka jikoni akiwa na birika, akasimama katikati ya sebule, akamimina chai, akainua uso na kusema neno kwa kamera, neno lisilosikika chini ya kinanda. Kila kidoti kilikaa peke yake.

"Mama anaingia lini?" dada akauliza.

Mhadhiri aligeuka. Macho ya dada yalielekea ukutani, kati ya runinga na dirisha, na kichwa chake kilikuwa kimeinamia upande mmoja kama cha mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Kalamu ikamtoka.

"Tangu lini, Dada?"

"Presha ya macho. La kulia lilitangulia, la kushoto likafuata mwaka jana. Nilikwambia."

"Hukuniambia hivyo."

"Nilikwambia cherehani nimeigawa. Fundi anagawa cherehani kwa sababu gani, Profesa? Ulitaka nikuandikie barua yenye muhuri?"

Hakuwa na hasira. Kinanda kiliendelea.

"Na hiki kinanda ni cha nini? Mama yuko wapi? Siku ile aliongea mchana kutwa, tena kutoka kule jikoni."

"Kulikuwa na mvumo. Niliusafisha."

"Ukamfagia na yeye."

Ni kweli. Mashine haikujua tofauti kati ya upepo na mwanamke anayesema mbali na kamera.

"Alikuwa akikuita wewe," dada akasema. "'Mwambieni huyo aache hilo dude, aje akae na sisi.' Kila mara tulicheka. Hukuja."

Mhadhiri hakukumbuka kuitwa. Alichokumbuka ni dirisha, na mwanga uliokuwa ukimharibia picha.

Aliporudi kwake alifungua upya faili la mkanda, ambalo bado lilikuwa zima. Aliiacha sauti bila kuibana, pamoja na mvumo wake wote, na picha akaishusha hadi vidoti vikayeyuka. Kisha akafumba macho na kusikiliza dakika zote tisini na tano. Mama alimwita mara tano. Hakuna mahali ambapo sauti yake mwenyewe ilijibu.

Diski hiyo sasa iko kwa dada. Mhadhiri huenda kila mwisho wa mwezi, hukaa naye kochi moja, na dada anapouliza kuna nini kwenye picha, humweleza.