Miguu Imegoma

Mama yangu ni fundi cherehani, na mtaani wote wanamwita Fundi. Ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono kutetemeka watu wameshazoea. Kinachowashangaza ni miguu. Anatembea vizuri tu, hatua fupifupi, halafu akifika mlangoni anaganda, kama nyayo zimeshonewa sakafuni. Mwenyewe husema, "Miguu imegoma."

Asubuhi ile kaka yangu mkubwa alikuja na kiti cha magurudumu. Alishampata mtu wa kuchukua chumba cha kushonea, kilicho ng'ambo tu ya uchochoro wetu.

"Mama, nipe ufunguo. Umefanya kazi ya kutosha."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Hata mlango unakushinda!"

"Basi nikifika kule kwa miguu yangu, hicho kigari utakirudisha ulikokitoa."

Kaka akacheka. "Haya. Fika."

Mama akainuka, akavuka chumba, akafika mlangoni, akaganda. Magoti yanacheza, nyayo hazinyanyuki. Kaka akamshika mkono, akavuta. "Twende basi, Mama! Nyanyua mguu!" Kiwiliwili kikatangulia, miguu ikabaki. Ningechelewa kumdaka, angelamba sakafu.

"Mwachie," nikasema. "Ukimvuta ndiyo unazidi kumkwamisha."

"Wewe nani kakuuliza?"

"Nakaa naye mimi."

Nilishaona kwamba kwenye ngazi hagandi, wala kwenye dimbwi. Kikiwepo kitu cha kuvuka, mguu unapanda wenyewe. Nikaukingamisha mguu wangu mbele ya wake.

"Nivuke, Mama."

Akanikazia macho. Tulipokuwa wadogo alikuwa mkali tukirukana miguu. Aliyerukwa, alisema, harefuki tena.

"Nimruke mwanangu? Udumae?"

"Nimeshamaliza kurefuka, Mama. Nikipungua, utanipunguzia gauni."

Akacheka. Mabega yakashuka, mguu ukapanda juu, ukanivuka. Wa pili ukafuata.

Katikati ya uchochoro akaganda tena, safari hii mbele ya wateja waliokuwa wakimsubiri.

"Fundi, kulikoni?" mmoja akauliza.

"Miguu imegoma. Inataka kubembelezwa."

Wakacheka. Kaka hakucheka. Akakimbilia kiti, akakisukuma mpaka nyuma ya magoti ya Mama. "Kaa, Mama. Watu wanatazama."

"Watazame. Macho yao, miguu yangu." Nikasogea kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Akamgeukia kaka. "Lete mguu wako."

"Mimi?"

"Kwani wewe si mwanangu?"

Kaka akaangalia wateja, akaangalia kiatu chake kilichong'arishwa. Kisha akautanguliza mguu polepole, akaukingamisha. Mama akapumua, akauvuka, akaenda hadi mlango wa chumba chake bila kugeuka.

Ufunguo ulicheza kwenye kufuli, ukakwaruza huku na huku. Hakuna aliyethubutu kuupokea. Kufuli likafunguka. Akashika fremu ya mlango, akavuka kizingiti kilichoinuka, akakaa kwenye cherehani, akachukua sindano na uzi.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama..."

"Toka hapo, baba. Unanizibia mwanga."