Kuku wa Mama Faida na Mashine ya Mwanga

Mzigo wa safari ulikuwa umeshafungwa. Mama Faida aliukalia barazani mwa hospitali ya Kasongo, ameupa mgongo mlango wa maabara, kwa kuwa ndani alikuwamo mkwe wake Heri, na mkwe hatazamwi usoni. Alikuja kumchukua binti yake Mwamvita akajifungulie Nyangwe, maana mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake. Daktari Mbelgiji alikubali kwa sharti moja: damu ya Mwamvita iwe na nguvu.

Heri, muuguzi wa vipimo, alichanganya damu ya mkewe na dawa, akaweka kichupa mbele ya taa ya mashine. Wekundu wa damu huzuia mwanga. Ukizuiwa sana, mshale hupanda, ishara kwamba damu ina nguvu. Ukapanda vizuri.

"Niende?" Mwamvita akauliza.

Heri akamvuta kope ya chini. Ndani palikuwa peupe kama unga wa muhogo, kama kwa mtu aliyepungukiwa damu. Akinyamaza, wote watafurahi. Na pengine atampoteza mkewe siku ya uchungu.

Akaiacha damu iliyobaki itulie. Maji yaliyoelea juu hayakuwa maangavu. Yalikuwa meupe, kama ya kuoshea mchele. Akayapima peke yake, bila wekundu wowote. Mshale ukapanda tena! Kumbe mafuta ndiyo yaliyoutawanya mwanga, kama ukungu juu ya Lualaba, mashine ikadhani ni damu.

"Ulikula nini hii asubuhi?"

"Kuku wa mawese na karanga. Mama aliamuka mbele ya azana. Alisema damu ya mutoto wake haitapata haya mbele ya Muzungu."

Heri akapaza sauti ifike barazani. "Mwambie mama, kuku wake iko mutamu mpaka mashine imeshiba. Lakini nikitoa mafuta, damu inayobaki ni kidogo. Namuomba akuache hapa."

Kisha mgongo ukajibu: "Mwambie bwana yako, anaogopa kulala peke yake."

"Mwambie mama, hiyo nayo ni kweli."

Mgongo ukatikisika kwa kicheko. Mikono ikafungua mzigo, ikatoa sufuria.

"Basi nitapikia hapa. Sombe ya majani ya muhogo na maini, damu iongezeke." Bado alikuwa akitazama barabara. "Na siku ya kupima, mashine ikule kwanza. Mutoto wangu atakula baadaye."