Alizeti Iliyoganda

Wodi ya moyo ilikuwa imeshakunywa uji, na Bibi Mwiko, mpishi mkuu wa hospitali, alikuwa anakata kabichi kwa kasi ya cherehani, gari la mzabuni liliporudi kinyumenyume hadi mlango wa jiko na kushusha madumu ishirini ya mafuta.

Madumu yalipendeza, hakuna ubishi. Ua la alizeti kubwa kama sinia, moyo mwekundu unaotabasamu, na maandishi ya kutunisha kifua: HAYANA KOLESTEROLI.

"Sahihi hapa, mama," alisema Bwana Stoo, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka ya mtu aliyeacha chai mezani. Bila sahihi ya mpishi mkuu, mzigo hauingii stoo.

"Ngoja yapigwe baridi kwanza."

Akamimina bilauri ndogo, akaiweka kwenye friji kati ya maziwa. Hivyo ndivyo alivyopokea mafuta kwa miaka kumi na tisa. Alizeti halisi haigandi humo.

"Lakini mama, yameandikwa hayana kolesteroli!"

"Mmea gani umewahi kuwa nayo, mwanangu? Hiyo ni ya wanyama. Nikikuuzia maji nikaandika 'hayana mifupa', utanisifu?"

Muosha sufuria alicheka mpaka akaangusha kifuniko.

Dereva alikoroma kwenye usukani saa tatu nzima. Bilauri ilipotoka, mafuta yalikuwa meupe, yamelala kama mshumaa. Bibi Mwiko aliipindua juu ya kiatu cha Bwana Stoo kilichong'aa. Kijana akaruka. Halikudondoka hata tone.

"Usiogope. Alizeti yako ina adabu."

Akageuza dumu. Chini ya mpini wa dumu, kwa herufi kama nyayo za sisimizi: mawese asilimia tisini na tano, alizeti tano.

"Mawese si sumu," Bwana Stoo alisema. "Watu wanakula."

"Hata mimi nakula. Lakini daktari kaagiza alizeti, na hospitali imeomba alizeti. Huko wodini kuna watu wanapumua kwa zamu."

Bwana Stoo akashusha sauti. "Mkurugenzi ameshapitisha. Na mkataba wako unaisha Ijumaa, mama yangu. Anayeuongeza ni yeye. Usijitie kitanzi kwa ajili ya dumu."

Wana wawili wa Bibi Mwiko walikuwa wanasoma kwa mkataba huo. Akafuta mikono kwenye aproni, akaichukua fomu. Penye "aina ya mafuta" palikuwa pameshachapwa ALIZETI. Akapiga mstari mmoja, akaandika MAWESE, akatia sahihi.

Bwana Stoo akaichana. Akatoa nyingine. MAWESE. Akaichana. Ya tatu mwandiko ukazidi kupendeza.

"Mama, fomu hizi zina namba! Mkaguzi ataniuliza zilikokwenda!"

"Basi acha kuzichana, baba. Mkono wangu haujachoka."

Nje, dereva aliamka na kupiga honi. Bwana Stoo alibaki ameishika fomu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Bibi Mwiko alishawasha jiko, akamimina maji kwenye sufuria ya kabichi.

"Leo wodi ya moyo inakula ya kuchemsha," akatangaza.

"Na Ijumaa je, dada?" muosha sufuria akanong'ona.

"Ijumaa watatafuta mpishi asiyejua kusoma. Leo bado wana mimi. Lete chumvi, kidogo."