Mwanafunzi wa Kupima Mfongo

Hilaria nilimwajiri mimi, kwa hiyo yaliyonipata nilijitakia mwenyewe.

Mfongo wetu, huu mfereji tuliorithi kwa babu zetu hapa Old Moshi, ulikuwa unapoteza maji. Juu kwenye banio, pale tunapoyatoa mtoni, yanaingia mengi, yakifika kwa watu wa chini ni ya kunawa uso. Mimi ndiye katibu wa kamati, na kila kikao nilisimama nikasema kuna mwizi, na akijulikana atatoa madebe manne ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya watu wote. Nilisema kwa sauti, na sauti yangu mimi Mama Godlove inasikika hadi ng'ambo ya korongo.

Tukaamua kuchukua mwanafunzi wa shahada ya pili ya mazingira, atupimie maji wakati wa likizo ndefu ya chuo. Walikuja wawili. Tuliwahoji siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, sote tukiwa na majembe na matope magotini. Fredy alikuja na kompyuta yake, akausifu mfongo, akanisifu na mimi. Hilaria aliamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, kisha nikamuuliza anauonaje mfongo wetu.

"Mama, mnapima kwa ndoo iliyopasuka," alisema. "Namba zenu zote si za kweli."

Ndoo ilikuwa yangu! Mwenyekiti, Mzee Eliakim, alijikohoza ndani ya kofia. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Huyu huyu," nikasema. "Huyu hatatuficha kitu."

Akakaa kwangu miezi miwili, chumbani kwa mwanangu Godlove. Kukamua ng'ombe hakujua, ila mtori wangu wa ndizi alikuwa anakomba bakuli. Kila asubuhi alipanda na kipimo chake kwenye ukungu, akirudi ananisimulia. Nilimpenda yule mtoto, sitaki kudanganya.

Wiki ya mwisho alirudi mapema, chai hakuigusa.

"Mama, nimepata maji yanapopotelea."

Nikapiga makofi. "Ni kwa yule jirani Primus, siyo? Nilijua!"

"Ni hapa."

Akanipeleka nyuma ya zizi. Mizizi ya mti wangu wa mringaringa ilikuwa imepasua ukingo, na maji yalikuwa yanazama taratibu kuelekea kwenye migomba yangu. Migomba ile ile! Kila mnada wa mavuno kanisani watu wanagombania ndizi zangu, na mimi najibu kwa maringo kwamba siri ni samadi tu. Aibu ilinishika.

"Huwezi kuandika tu 'sehemu za katikati'?" nikamuuliza. "Bila kutaja kwa nani?"

Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Umenilisha miezi miwili, Mama. Ukiniambia niandike hivyo, nitaandika."

Afadhali angenikatalia. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nikaikumbuka ile ndoo yangu.

"Andika ulichopima," nikamwambia. "Twende ndani, chai inapoa."

Kesho yake kikaoni, kabla hajafungua ripoti, nilisimama mimi.

"Mwizi amepatikana. Anaitwa Yuditha, Mama Godlove."

Primus akaanza kucheka, na kikao kizima kikamfuata.

"Madebe manne, katibu," alisema Mzee Eliakim. "Ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

Jumamosi iliyofuata walikuja kwangu na majembe, tukaziba ukingo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Saa nane watu wa chini wakapiga simu wakishangilia kwamba maji yamefika kwao yakiwa mengi. Jamani, nilifurahi kama vile mimi ndiye niliyeibiwa. Nikatoa mbege, nikaipanga uani, madebe manne. Mzee Eliakim akamwita Hilaria aje ahakikishe, maana hiyo ndiyo kazi tuliyomwajiria.

Aliinama juu ya kila debe. Alipofika la mwisho akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Mama, hili la nne halijajaa."

Nikaingia ndani kuleta ile mbege niliyokuwa nimeibakiza.