Komeo la Bunduki ya Lyle

Jumatatu Lyle Haugen aliniletea maganda yake matupu ya risasi kwenye mkebe wa kahawa, kama afanyavyo kila Oktoba. Yeye hupiga, mimi huyajaza upya. Tangu mikono yake ianze kutetemeka, miaka sita sasa, kila risasi aliyofyatua katika milima hii ya Wyoming nimeitengeneza mimi.

Hakukaa. Alisema alikwenda kujaribu bunduki kabla ya msimu wa kulungu, na kila akifyatua, komeo, kile chuma kinachofunga risasi ndani, linagoma kunyanyuka. Ikabidi aligonge kwa kiganja.

"Nimekwisha, Orrin," akasema. "Mkono hauna nguvu hata ya kufungua komeo. Jumamosi bunduki ya baba naipeleka kwa mpwa wangu, na risasi zilizobaki."

Nikamwambia pole. Alipoondoka nikamimina maganda mezani. Kwenye kitako cha kila ganda fataki, kile kidude kinachowasha baruti, ilikuwa imebonyea ikawa bapa, na pembeni yake pana alama inayong'aa, mahali shaba ilipobanwa kwenye chuma. Hata anayeanza kazi hii anajua maana yake: mgandamizo wa baruti umezidi ndani, ganda likavimba na kubana. Komeo lilikuwa gumu kwa sababu ya risasi zangu.

Sikuhitaji kutafuta sana. Mwezi wa Aprili maganda ya zamani yaliisha, nikanunua ya kampuni nyingine, yenye kuta nene na nafasi ndogo ndani. Ukibadilisha ganda unaanza upya na baruti kidogo, unapanda polepole. Mimi nilitia kipimo kilekile cha siku zote. Na sheria hiyo nimeibandika kwa herufi kubwa juu ya meza yangu, nimewasema nayo nusu ya wanachama wa klabu yetu mpaka wakanichoka.

Ningepiga simu dakika ile. Sikupiga. Nilijiambia Jumamosi bado mbali, hali nikijua nyumbani kwake kuna risasi kumi na nne zinazoweza kumpasukia mtu usoni. Niliona aibu, basi. Siku nne nilikula bila kusikia ladha.

Ijumaa nikaenda. Bunduki ilikuwa kwenye meza ya jikoni. Mkewe, Inga, ndiye aliyeipaka mafuta. Lyle hakutaka kuigusa tena. Nikaeleza yote nimesimama, kofia mkononi, nikaomba anirudishie boksi la risasi nilizomtengenezea.

Lyle hakupaza sauti. Alishika komeo, akalinyanyua. Likafunguka laini. Akalifunga, akalifungua tena, mkono ukitetemeka vilevile.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu. Ulipotoka tu."

Akautazama mkono wake.

"Jana nimemfundisha Inga kuwasha msumeno wa kuni," akasema. "Nimesimama pale uani namwelekeza mke wangu, nikijua mkono ndio umekwenda. Na wewe ulikuwa unajua, bwana."

Akanisukumia boksi, nami nikaondoka nalo.

Wiki iliyofuata Lyle alipata kulungu dume kule juu ya kijito. Nilizipata habari hizo kwa watu dukani. Walisema alipiga risasi moja tu, na hiyo moja aliinunua palepale dukani.