Mtoto wa Kuazimwa

Madamu, mkubwa wa shule, alipomaliza kutukaribisha aliongeza neno moja, na mimi nikahisi kama benchi limeondolewa chini yangu.

"Mwanamke mwenye mtoto anayenyonya hatasoma hapa. Arudi nyumbani, aje mwaka ujao."

Alilisema kwa Kifaransa, kisha muuguzi Languida akalirudia kwa Kiswahili, kwa hiyo nililisikia mara mbili. Kifaransa nilichokipata kwenye masomo ya jioni kilinitosha kabisa. Heri kisingenitosha.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, siku ya kwanza katika shule ya kazi za wanawake, pale Gisenyi, karibu na ziwa. Wanafunzi wapya tulikaa tumejipaka mafuta mpaka magotini. Sehemu za shule zilikuwa zituonyeshe kazi zake, halafu kila mmoja achague: ushonaji, jiko, au uuguzi wa wazazi. Mimi nilichagua zamani, siku niliyomzaa binti yangu Nyiraneza, akatoka kimya, na muuguzi akamsugua mgongo mpaka akalia. Nilitaka mikono kama ile.

Mbele yangu Xavérine, binti wa wavuvi, mwenye mtoto mchanga kama mimi, alisimama, akakaza kitenge chake, akatoka. Nami nilitaka kusimama. Nikabaki nimekaa. Mwaka ujao! Kayitare, mume wangu, alikuwa anasafiri na malori ya mizigo, lakini nyumbani anarudi. Mwaka ujao ningekuwa na mimba, na mwaka wa pili wake mtoto mwingine anayenyonya. Mlango ule, ukifungwa leo, umefungwa.

Mukamana wa ushonaji alikuwa amekwisha anza. Aligeuza shati ndani nje.

"Hapa hatushone kama mafundi wa Mbugangari, upande moja harusi, upande ingine matanga!"

Wasichana wakacheka; Mbugangari ni mtaa wetu. Nyirasafari wa jiko akainua mwiko wake. "Mukivaa vizuri na mukufe na njaa, itawasaidia nini? Mukuje kwangu."

"Waende," Mukamana akajibu. "Watanenepa, mi nitapanua magauni."

Walikuwa wanatugombania kama abiria, na mimi sikuweza hata kutabasamu. Nilikuwa nahesabu waliobaki kati yangu na mlango.

"Bon," akasema Languida. "Wao wameonyesha nguo na mboga. Mi nitaonyesha mutu." Akaweka beseni la maji mezani. "Leo asubuhi nimeazima mutoto kule Mbugangari, mutoto muzuri, munene. Mutaona namna ya kumuogesha. Mama, ingia!"

Akaingia Saidati.

Saidati ni jirani yangu, mke wa Kadiri fundi cherehani. Ndiye niliyemwachia Nyiraneza asubuhi ile, pamoja na kikombe cha uji. Ana mtoto wake wa kiume, Muhamadi, na tangu wale wawili walipolala kwenye mkeka mmoja tulianza kuitana wakwe. Muhamadi ataoa, Nyiraneza ataolewa, Kadiri atatoa cherehani yake kuwa mahari. Basi nilipoona mgongo umebeba nilijiambia, amemleta Muhamadi.

Akafungua nguo. Macho ya wanja, kamba nyeusi mkononi. Mtoto wangu mwenyewe!

Saidati aliniona, akang'aa uso mzima. Alikuwa amenifanyia zawadi. Yale maneno ya Madamu yeye hakuyasikia.

Nyiraneza naye aliniona. Akalia, akanyoosha mikono. Na maziwa, yoo, maziwa hayaombi ruhusa. Niliyahisi yanashuka, nikakunja mikono kifuani, nimechelewa. Blauzi ilikuwa imekwisha lowa.

Madamu alifuata mikono ya mtoto mpaka kwangu, akauliza, Languida akafasiri.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Saidati alifungua mdomo kwa furaha aseme. Kisha akaniangalia tena. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nilijaribu kutikisa kichwa na kichwa hakikutikisika.

"Yangu, Madamu," akasema Saidati.

"Mbona anamlilia yule?"

"Iko na njaa. Mutoto wa njaa analilia hata ukuta."

Akakaa pembeni ya meza, akafungua blauzi, akampa titi.

Nilishika benchi kwa mikono miwili. Kwetu sisi Waislamu wa mjini hili si jambo la mchezo. Mtoto uliyemnyonyesha ni wako, ni ndugu wa watoto wako, na ndugu hawaoani. Jioni moja nilichelewa masomoni nikamkuta Nyiraneza amelia mpaka sauti imekauka, na Saidati, maziwa yamemjaa, anambembeleza tu. "Nivunje harusi?" aliniuliza siku ile. Tulicheka sana. Sasa alikuwa anaivunja mbele ya watu wote, kwa ajili yangu, na mimi nimekaa.

Nyiraneza aligeuza kichwa. Akakigeuza tena. Mana we, Mungu wangu, anakataa, nikasema moyoni, na sikujua naomba akatae au akubali. Halafu akashika. Chumba kizima tukasikia anavyomeza.

"We wa benchi ya pili!" Languida alinirushia aproni. "Vaa hii, kuja unisaidie kushika kichwa."

Hakuangalia blauzi yangu. Alikuwa amekwisha kuiangalia.

Basi nikamwogesha mtoto wangu kama mtoto wa watu, naye ananichekea. Madamu akasogea.

"Unamshika vizuri. Umefanya kazi hii kabla?"

"Kwetu mimi ni kifungua mimba, Madamu."

"Bon. Uuguzi," akamwambia Languida, akaenda zake.

Jioni nilikwenda moja kwa moja uani kwa Saidati, aproni bado kiunoni.

"Muhamadi iko na upele kichwani," alisema kabla sijauliza. "Nikasema nipeleke wa kwako, wamuone muzuri, na we ufurahi."

"Mukwe..."

"Usiniite vile tena."

Nikamchukua Nyiraneza, nikakaa chini. "Lakini iko mashehe wanasema mara moja haitoshi. Mpaka mara tano. Saidati, bado tunaweza kurudi."

"Na kesho utamuachia nani? Uji wako anautema, ananitemea mimi." Alimtwaa Nyiraneza mikononi mwangu. "Donc, itafika tano kabla ya Ijumaa. We soma."

Akamweka upande mmoja, Muhamadi upande wa pili. Kadiri akatoka na sindano mdomoni, akasimama mlangoni.

"Iko nini hapa?"

"Umepata binti," akasema Saidati.

"Na harusi?"

"Hakuna harusi."

Kadiri aliwatazama wale wawili. Akatoa sindano mdomoni.

"Basi cherehani yangu imepona," akasema.

Muhamadi akanyoosha mkono, akamvuta Nyiraneza sikio kwa nguvu. Nyiraneza akamkwaruza pua. Nilikuwa wa kwanza kucheka, na machozi yananitoka.