Taa Mbili za Njia ya Gotu

Mtu akikuambia kumulika taa ni kumulika taa tu, mpeleke kwa Halkano. Lakini amwulize polepole, maana jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Miaka ile, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Isiolo kwenda Merti kupitia Gotu, madereva walikuwa na sheria yao ambayo serikali haikuiandika. Ukimkuta mwenzako ameharibikiwa, unasimama. Kama huwezi kusimama, unammulika taa mara mbili, na taa mbili ni ahadi: nimekuona, narudi na msaada. Aliyemulikwa naye haondoki pale. Kuna dereva aliyewahi kurudi na msaada asimkute mtu, akaingia porini kumtafuta, na yeye ndiye aliyekufa kwa kiu. Tangu siku hiyo, ukishamulikwa, unangoja.

Halkano alifundishwa haya na Mzee Waweru wa mtaa wa Bulla Pesa, pale Isiolo, mwenye lori la kubeba mbuzi. Waweru alimchukua hajui hata klachi ni nini. Akamfundisha kuendesha kichwa kikitoka dirishani kidogo, ayasikilize magurudumu, na akamfundisha adabu ya njia. Watu walishangaa Mkikuyu kumlea kijana wa Kiborana namna ile. Mzee aliwajibu kwamba barabara haiulizi kabila.

Mwaka wa sabini na saba Halkano akaenda Saudia kuendesha lori la maji. Kule wanapita upande wa kulia, na kumulika taa ni kusema, toka njiani napita! Mwezi wa kwanza alisimama barabara kuu amsaidie mtu aliyepata pancha. Yule mtu akamfokea, na askari akaja akamnyang'anya leseni siku tatu kwa kuzuia magari. Halkano akaambiwa, ndugu, huku kila mtu na gari lake. Basi akajifunza, na akajifunza vizuri mno, masikini.

Alirudi mwaka wa themanini na tatu na pikapu nyeupe na koti zito la sufu alilomnunulia Mzee Waweru. Kabla ya lolote alienda Merti kumwamkia mama yake. Kukaa upande wa kushoto wa barabara alikuzoea tena baada ya siku mbili tu. Adabu ndiyo aliyoisahau.

Akirudi mjini, saa nane mchana, mbele kidogo ya Gotu akaona lori la kijani limeinama upande mmoja, na mtu amesimama katikati ya njia akipunga mkono, uso umefungwa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Lori hilo Halkano hakulijua. La Mzee lilikuwa jekundu. Mkono wake ukafanya kazi kabla ya kichwa: akammulika mara mbili, toka njiani. Yule mtu akatoka upesi, akainua mkono kumshukuru. Halkano akamwona kwenye kioo, akacheka. "Huyu ana adabu!"

Asubuhi yake alivaa shati safi, akabeba lile koti la zawadi mpaka kwa Waweru. Rahab, mke wa mzee, alimpokea kwa furaha, lakini macho yalikuwa mlangoni.

"Mzee hakulala nyumbani," akasema. "Alienda kuchukua mbuzi na hili lori mpya, peke yake. Mimi nilimwambia angoje turniboi, yule msaidizi wake wa lori, apone malaria. Anasikianga mtu huyo?"

Hata chai haijamiminwa, Ewoi akabisha hodi, dereva wa Landrova ya serikali.

"Mama, mzee amefika?"

"Wewe umemwona wapi?"

"Jana jioni, karibu na Gotu. Jeki iliteleza, ikamponda mkono wa kulia vibaya sana. Nilimwambia ingia twende hospitali, akakataa kabisa! Ati kuna pikapu nyeupe imemmulika mara mbili, atarudi. Nikamwachia maji. Nilidhani huyo mtu alirudi."

Rahab akashika kichwa. Halkano alikuwa ameshasimama. Wallahi, alitamani ardhi immeze. Akatoka mbio, akawasha ile pikapu nyeupe.

Alimkuta mzee amekaa kivulini mwa lori, mkono umefungwa kitambaa kilichokauka damu, umevimba mpaka kiwiko. Waweru alimtazama kwa macho ya homa, akatabasamu.

"Nilijua utarudi," akasema. "Nilikutambua jana. Nani mwingine anaendesha kichwa nje kama nyoka? Ewoi ananiambia tuende, mimi namwambia huyo ni kijana wangu. Huyo hawezi kunimulika bure."

Halkano akambeba kama mtoto, akilia waziwazi.

Hospitalini walisema angeletwa jana mkono ungepona. Wakaukata juu ya kiwiko.

Siku ya nne Halkano alienda kumwona, ameazimia kusema yote. Wodi ilikuwa imejaa, na mzee alikuwa akiwasimulia wagonjwa wengine jinsi kijana wake alivyotoka Arabuni na bado hakusahau taa mbili.

"Mzee," Halkano akasema. "Zile taa... mimi sikuwa..."

"Najua, ulipata shida njiani," Waweru akamkatiza. "Ama watu walikuchelewesha. Usijieleze. Si ulirudi?"

Watu wote wa wodi wakamgeukia Halkano na nyuso za kumsifu. Rahab alikuwa hapo na chupa ya chai, akimwangalia kama mwanawe. Angeweza kusema bado, nafasi ilikuwepo, na anajua ilikuwepo.

Waweru akapapasa chini ya mto akatoa funguo za lori.

"Mimi basi, sitaendesha tena. Hii gari sitampa mtu asiye na adabu ya njia."

Akamnyooshea. Halafu akausitisha mkono kidogo hewani, akaona haya.

"Uniwie radhi, kijana wangu," akasema. "Nakupa kwa mkono wa kushoto."

Halkano akazipokea.